Tunahesabu miche, tunasahau visiki

Mvua zikikaribia, viongozi wetu hushika majembe. Mkuu wa mkoa huinama juu ya mche, watoto wa shule wamepangwa nyuma yake na sare zao, wapiga picha wanagombea nafasi, na jioni taarifa ya habari inatangaza idadi ya miti iliyopandwa siku hiyo. Kila halmashauri ya Tanzania imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Kwa jirani zetu Kenya, Rais William Ruto ameahidi miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 13, 2023 serikali yake iliifanya siku ya mapumziko ili wananchi watoke wakapande. Watu wanaofanya kazi hii wana nia njema, na sina neno baya kwa yeyote anayepanda mti. Lakini kampeni hizi zimetuzoesha kuamini kwamba mchango wa misitu katika tabianchi unapimwa kwa idadi ya miche, na imani hiyo inatugharimu misitu yenyewe.

Tuanze na hesabu, maana hapa ndipo mambo yanapopotoka. Mti hujengwa na hewa. Tulifundishwa hivyo darasani, likapita. Sehemu kubwa ya uzito wa gogo haikutoka udongoni: ilitoka kwenye hewa ukaa iliyoingia kupitia vitundu vidogo vya majani, ikaunganishwa na maji kwa nguvu ya jua, ikawa sukari, na sukari hiyo ikageuzwa kuwa mbao, gome na mizizi. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Mti ukiungua au ukioza, kaboni hiyo hushikana tena na oksijeni na kurudi hewani, na kila tani 1 ya kaboni inatoka ikiwa tani 3.67 za hewa ukaa.

Chukua basi mche ulionusurika na mbuzi na kiangazi, ukafikia kilo 1 ya uzito mkavu. Umeshika nusu kilo ya kaboni, ambayo ni sawa na kilo 1.8 za hewa ukaa. Lita 1 ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi. Yaani mche huo haujafidia hata lita moja ya bodaboda. Sasa geukia mninga mkubwa uliosimama porini, wenye tani 2 za uzito mkavu. Ukikatwa na kuchomwa leo, tani 3.67 za hewa ukaa zinatoka ndani ya siku chache. Kuufidia mninga huo mmoja kunahitaji miche 2,000 ya kilo moja moja, iliyo hai, ambayo hakuna aliyeihesabu tena baada ya kamera kuondoka.

Tathmini ya kitaifa ya misitu, NAFORMA, iliikuta Tanzania bara ikiwa na hekta milioni 48.1 za misitu na mapori ya miti, zaidi ya nusu ya eneo lake la nchi kavu. Hesabu ambayo serikali iliipeleka Umoja wa Mataifa baadaye ilionyesha kwamba kati ya 2002 na 2013 tulikuwa tukipoteza takribani hekta 469,000 kila mwaka. Gawanya kwa siku 365, unapata karibu hekta 1,300 kila kunapokucha. Miche elfu kumi inayotangazwa kwenye taarifa ya habari inaenea eneo lisilozidi hekta kumi.

Ni nani anayekata? Jibu la haraka mjini ni mchoma mkaa, na kweli ana sehemu yake. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba Tanzania ilikuwa ikitumia tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, nusu yake Dar es Salaam peke yake. Ili kuelewa maana ya tani hizo kwa hewa inabidi kusogea karibu na tanuru.

Magogo hupangwa chini, makubwa yakitangulia, vijiti vikijazia nafasi. Juu hufunikwa nyasi na majani mabichi, kisha udongo, na huachwa mlango wa kuwashia na matundu ya kutolea moshi. Siku za mwanzo moshi ni mweupe na mzito kwa sababu kuni zinatoa maji. Baadaye unakuwa mwembamba wenye rangi ya bluu, na hapo mchomaji anajua upande huo umeiva, anauziba na kuhamia tundu linalofuata. Halali vizuri. Udongo ukititia usiku na hewa ikaingia, asubuhi anakuta majivu. Hata akifanikiwa, tanuru la kienyeji humpa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Kinachobaki kimeondoka na moshi, na moshi wenyewe si hewa ukaa tupu. Kwa kuwa kuni zinaungua kwa hewa haba, tanuru hutoa pia methani, gesijoto ambayo kwa kipindi cha miaka 20 hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. Gunia linapofika Manzese au Tandika likiwa kwenye pikipiki, sehemu kubwa ya madhara yake imeshabaki porini. Jiko la jikoni linamalizia tu.

Pamoja na hayo yote, mchoma mkaa si mkosaji mkuu. Watafiti wakiongozwa na Nike Doggart walioifuatilia misitu iliyopotea Tanzania, katika kazi yao ya 2020, walikuta kilimo kiko mbele kuliko mkaa: mahindi kwanza, na katika mikoa ya kusini na mashariki ufuta, zao ambalo bei yake nzuri imefyeka mapori mengi. Na hapa ndipo panapohitaji macho. Mchoma mkaa akimaliza anaondoka, anaacha visiki. Mkulima anabaki. Anachoma visiki, anang'oa mizizi, analima mwaka baada ya mwaka, na mbegu ikichipua anaipalilia. Ukizipiga picha kutoka angani siku ya kwanza, sehemu hizi mbili zinafanana. Baada ya miaka kumi moja ni kichaka kinachopanda juu na nyingine ni shamba lililochoka.

Miti ya miombo, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya misitu yetu kuanzia Tabora na Katavi hadi Ruvuma na Lindi, imezaliwa na moto na ukame. Chini ya ardhi ina mizizi mipana kuliko mtu anavyodhani akiangalia shina. Ukikata mtundu na kuacha kisiki bila kukichoma, mvua za kwanza zinakikuta na mizizi hai yenye akiba ya chakula na njia ya kufikia maji ya chini. Machipukizi kumi au ishirini yanatoka kwa pamoja, mekundu kwanza, halafu ya kijani. Ndani ya miaka michache yanampita mtu kimo. Hakuna aliyemwagilia, hakuna aliyenunua viriba, hakuna lori lililoleta chochote. Kinachohitajika ni mtu wa kupunguza machipukizi yabaki mawili au matatu yenye nguvu, kuzuia moto wa kiangazi na kuzuia jembe.

Wilayani Kilosa jambo hili liligeuzwa kuwa utaratibu. Kuanzia 2012, vijiji kadhaa vikisaidiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (TFCG) na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, kwa fedha za Uswisi, vilitenga sehemu ya misitu yao kwa ajili ya mkaa. Eneo hilo hugawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50. Kitalu kimoja kinavunwa, kinachopakana nacho kinaachwa. Kingo za mito na miteremko mikali haiguswi, miti ya mbao inabaki, na kitalu kilichovunwa kinapumzishwa kwa mzunguko wa miaka 24. Ushuru unaingia kwenye akaunti ya kijiji, na madarasa na nyumba za walimu zimejengwa kwa fedha hizo. Wapo wanamazingira wanaosikia maneno "mkaa endelevu" wakakunja uso. Nawaelewa, lakini nadhani wanakosea. Kijiji kinachopata pesa kutokana na msitu unaochipua kina sababu ya kumkatalia mtu anayekuja kuomba hekta mia za ufuta, na sababu hiyo ina nguvu kuliko bango lolote la "Ukikata mti panda miti".

Shinyanga ina ushahidi mrefu zaidi. Ukoloni ulifyeka mapori yake kwa vita dhidi ya mbung'o, pamba ikaendeleza kazi, na operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni mradi ulifanya kile ambacho kila mradi hufanya: bustani za miche, miti ya kigeni, magari ya kuisambaza. Mafanikio yalikuja pale ulipogeukia ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kufunga kipande cha malisho tangu mvua hadi kiangazi kikali ili mifugo ipate nyasi wakati pengine pamekauka. Ukikifunga kipande hicho, visiki na mbegu zilizolala ardhini zinaamka zenyewe. Mradi ulipokuta ngitili, zilibaki hekta mia chache tu zilizojulikana. Kufikia 2004 zilikuwa zimerejea zaidi ya hekta 300,000, nyingi zikiwa mikononi mwa kaya na serikali za vijiji. Wazee wa kule walirudishiwa kuni, asali, dawa na malisho. Kaboni iliyojikusanya juu ya hekta hizo laki tatu ilikuja kama nyongeza, na nina shaka kama ingekuja kabisa iwapo wangeombwa kuilinda kwa ajili ya kaboni peke yake.

Ipo pia kaboni ambayo hata kisiki hakituonyeshi, kwa sababu iko chini ya matope. Mikoko ni mfano ulio karibu na watu wa pwani. Mkoko, mchu na mkandaa husimama kwenye tope jeusi lisilo na oksijeni, lile linalonuka mayai viza maji yakitoka. Majani na mizizi inayokufa humo haiozi upesi, hivyo karne baada ya karne tope linaweka akiba kubwa mara kadhaa kuliko ile ya mashina. Delta ya Rufiji ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, nyingi kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki, na upande wake wa kaskazini umekatwa kwa ajili ya mpunga. Shamba la mpunga likichoka baada ya misimu michache, mkulima anasonga mbele, na tope lililofunguliwa linaendelea kutoa hewa ukaa bila mtu kuliona.

Mbali zaidi, katikati ya bonde la Kongo, hali ni hiyo hiyo kwa ukubwa unaotisha. Mwaka 2017 Simon Lewis, Greta Dargie, Suspense Ifo na wenzao walitangaza ramani ya kwanza ya peti, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana majini maelfu ya miaka bila kuoza, iliyo chini ya misitu ya kinamasi ya Kongo mbili. Inashika takribani tani bilioni 30 za kaboni, kiasi kinachokaribia kaboni yote iliyo kwenye miti ya bonde zima. Utafiti uliofuata mwaka 2022 ulionyesha kwamba hali ya hewa ilipokauka kati ya miaka 5,000 na 2,000 iliyopita, peti hiyo ilioza na kupoteza sehemu ya akiba yake. Kwa maneno mengine, tunajua inaweza kufunguka kwa sababu imewahi kufunguka. Mwaka huohuo wa 2022 Kinshasa ilinadi vitalu vya mafuta, vingine vikiwa juu ya peti hiyo. Mnada ulifutwa 2024, kisha 2025 vitalu vikatangazwa upya. Siwezi kuwalaumu Wakongomani wanaouliza kwa nini wao walale njaa juu ya utajiri ili nchi zilizokwisha kutajirika zipumue. Hata hivyo hakuna kampeni ya kupanda miti, hapa au kwingine, itakayoweza kufidia kinamasi hicho kikikauka.

Hadi hapa nimezungumza kama kwamba msitu ni ghala tu, ukiuacha utabaki ulivyo. Ungekuwa hivyo, kazi ingekuwa nyepesi. Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni 1 za hewa, 280 zilikuwa za hewa ukaa. Leo zimepita 420. Zingekuwa nyingi zaidi kama misitu, nyasi na udongo wa dunia visingefyonza karibu asilimia 30 ya tunachotoa kila mwaka, na bahari robo nyingine. Msaada huo wa bure ndio unaoanza kulegea. Mwaka 2020 Wannes Hubau na kundi kubwa la watafiti, wengi wao Waafrika waliozunguka na futi kamba wakipima mashina yaleyale kwa miongo kadhaa, walichapisha matokeo ya viwanja 244 vya misitu ya Afrika ambayo haijakatwa, wakavilinganisha na vya Amazon. Katika miaka ya 1990, misitu ya tropiki ambayo haijaguswa ilikuwa ikiondoa hewani asilimia 17 ya hewa ukaa ya binadamu. Miaka ya 2010 ilishuka hadi asilimia 6. Amazon ilianza kuchoka mapema. Ya Afrika ilivumilia zaidi, lakini dalili za kuchoka zimeonekana nayo.

Sababu zinaeleweka. Hewa ukaa ikiongezeka, mti hupata malighafi nyingi na hukua upesi kwa muda. Lakini joto likizidi, mti hupumua zaidi usiku na kutumia sukari uliyoitengeneza mchana. Ukame ukija, hufunga vitundu vya majani kuokoa maji, na ukivifunga hewa ukaa nayo haiingii. Ukame ukirudi kabla mti haujapata nafuu, unakufa, na mti uliokufa ni kuni. Canada ilionyesha mwisho wa njia hiyo mwaka 2023: moto wa misitu yake ulitoa kaboni nyingi kuliko ile ambayo India, China na Marekani zikiwekwa kando, nchi yoyote duniani hutoa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mwaka 2024 kanda ya tropiki ilipoteza hekta milioni 6.7 za misitu ya asili, na kwa mara ya kwanza tangu takwimu hizo zianze kukusanywa, moto ulikuwa sababu kubwa kuliko kilimo.

Sisi tuna Canada yetu ndogo juu ya Kilimanjaro. Kila mtu anazungumzia theluji, na theluji inauma kweli kuiona ikiisha. Lakini Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeusoma mlima huo kwa miongo kadhaa, alionyesha mwaka 2005 kwamba hasara kubwa iko chini kidogo ya theluji. Kule juu, miti ya jamii ya Erika iliyofunikwa kuvumwani na ndevu za mwitu hukamata ukungu unaopita, maji yanadondoka tone kwa tone, yanaingia ardhini na kulisha chemchemi. Mvua zimepungua, moto umepanda, na mpaka wa juu wa msitu umeshuka mita mamia kadhaa tangu miaka ya 1970. Maji yaliyopotea kwa kukosa miti hiyo ya ukungu ni mengi kuliko yale yanayotoka kwenye barafu inayoyeyuka. Moto wa Oktoba 2020 uliounguza zaidi ya kilomita za mraba 90 ulipita palepale. Mifereji ya Wachagga inategemea msitu huo, na Mto Pangani pia. Milima ya namna hii ina uzito pia kwenye hesabu ya gesi: utafiti wa Aida Cuni-Sanchez na wenzake wa 2021 ulikuta misitu ya milimani ya Afrika inabeba wastani wa tani 149 za kaboni kwa hekta, wakati kiwango kilichokuwa kikitumika na jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, IPCC, kilikuwa tani 89. Tumekuwa tukiidhania nyepesi.

Ukishaona kwamba msitu unaweza kuungua, kukauka au kulimwa mwaka kesho, biashara ya kaboni inakuwa na sura nyingine. Kampuni ya Ulaya au ya Ghuba inachoma mafuta yaliyokaa ardhini mamilioni ya miaka, hewa ukaa yake inabaki angani karne kadhaa, na inalipia kipande cha msitu wa Afrika kisikatwe kwa miaka ishirini au thelathini, kisha inajitangaza kuwa safi. Ni sawa na kumaliza deni lako kwa kuweka rehani nyumba ya jirani, nyumba ambayo paa lake limekwisha kushika moto. Na mara nyingi hata msitu unaolipiwa haukuwa hatarini. Watafiti waliochunguza miradi 26 ya namna hiyo katika nchi sita, na kuchapisha kwenye jarida la Science Agosti 2023, walikuta mingi haikupunguza ukataji kwa kiasi cha maana.

Hata hivyo, mtu asichukue sababu hizo kuzima miradi yote. Vijiji vya Gazi na Makongeni, pwani ya Kwale nchini Kenya, wanauza kaboni ya hekta 117 za mikoko tangu 2013 kupitia Mikoko Pamoja. Wanaouza ni wanakijiji wenyewe, kamati yao inajulikana, mapato ni ya kiasi, na yameleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Kule Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, vijiji vinavyotunza misitu ya Ntakata vimepata mabilioni ya shilingi na kujenga madarasa na zahanati. Fedha hizo ni haki yao kwa kazi ya ulinzi wanayoifanya hata kama hewa ya dunia nzima haikusafishika kwa stakabadhi zile. Ninachokataa ni mkataba unaoanza na ramani ya waziri. Februari 2023 Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania ulitia saini hati ya makubaliano na kampuni ya Blue Carbon ya Dubai kuhusu takribani hekta milioni 8. Kampuni hiyohiyo ilikuwa ikizungumza na Liberia juu ya sehemu ya kumi ya nchi. Wanaoishi ndani ya hekta hizo walizisoma habari hizo magazetini kama sisi wengine. Na tunajua msitu ukipata bei huku wenyewe hawana hati, nini kinaweza kutokea: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, iliwapa Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya, haki mwaka 2017 na kuamuru fidia 2022, lakini Novemba 2023 familia zao zilitolewa tena msituni.

Kwa upande wa jikoni, naunga mkono kwa moyo wote mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Gesi ya mtungi nayo ni mafuta ya ardhini, hilo sifichi, lakini ukilinganisha na tanuru la kilo 15 kwa mia, na pia na mapafu ya mama anayepika, haina ubishi. Kikwazo kiko kwenye kujaza. Mama anayenunua mkaa kwa kopo asubuhi na kopo jioni hana namna ya kutoa kwa mkupuo pesa za mtungi mzima. Kugawa mitungi kwenye mikutano ya hadhara bila kumwezesha kununua gesi kidogo kidogo kunaishia mtungi kuwa stuli. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilizuiwa kutumia kuni na mkaa tangu mwisho wa Januari 2024, na huko shuleni na magerezani usimamizi unawezekana upesi kuliko majumbani.

Nikipewa nafasi kwenye bajeti ya maliasili, ningeomba mambo mawili tu. Kwanza, taarifa ya miti ya kila halmashauri iache kutaja iliyopandwa, itaje iliyo hai baada ya miaka mitatu, na kando yake iandikwe hekta zilizofungwa ili visiki vichipue na hekta zilizofyekwa mwaka huo. Zikiwekwa kwenye ukurasa mmoja, madiwani watajua wenyewe waelekeze wapi fedha za mafuta ya gari la maliasili.

Pili, pesa zinazoliwa na sherehe za kupanda miti zipelekwe kwenye mipango ya matumizi bora ya ardhi ya vijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutangaza msitu wake wa hifadhi na kuusimamia, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua hati za kimila. Lakini katika vijiji vyetu zaidi ya 12,000, vingi bado havina mpango huo, na bila mpango msitu wa kijiji kwenye karatasi ni ardhi ya wazi inayongoja mwenye trekta. Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati yao ya pamoja ya kimila mwaka 2011, kwanza kabisa. Mauzo ya kaboni yalikuja baadaye, na leo walinzi wa jamii wanaozunguka bonde lile wanalipwa kwa fedha hizo. Wangeanza na mnunuzi kabla ya hati, sidhani kama wangekuwa bado wanawinda pale.